Ng'ombe wa Watu

Watu walipokwisha kuondoka, wale wa mbali kwa mabasi ya asubuhi na wale wa karibu kwa miguu kupitia vihambani, yale mashamba ya migomba ya nyumbani, nyumba ya bibi yangu ilibaki na ukimya ambao sikuwahi kuusikia. Nilikuwa jikoni nasugua masufuria ya msiba. Nyuma ya nyumba jirani mmoja alikuwa anakatakata mgomba wa kulisha ng'ombe, maana hata penye msiba ng'ombe anakula. Nilisikia panga likishuka kwenye shina, zito na laini, kisha harufu ikaingia dirishani. Aliyekulia migombani anaijua. Ni harufu ya maji yaliyofungiwa, yenye uchungu kidogo, kama vile mvua ya mwaka jana ilihifadhiwa ndani ya shina na sasa imeachiwa. Niliweka sufuria chini. Tangu tulipomzika Bibi nilikuwa sijalia. Haukuwa ushujaa, ni kwamba machozi hayakuwa yameona njia. Harufu ile iliyaonyesha.

Nilikaa pale pale nikamkumbuka ng'ombe mmoja, na mzee mmoja, na hofu niliyoishi nayo utotoni bila kumwambia mtu. Nyinyi mliokua wakati wetu, wakati kahawa ilipoanza kung'olewa na mahindi yakapandwa mahali pake, huenda mlikuwa na hofu zenu. Hii ilikuwa yangu.

Nililetwa kwa Bibi, huko Mwika, nikiwa mdogo kiasi kwamba sikumbuki safari. Mama yangu alikuwa amefariki. Baba yangu, mtoto wa pili wa Bibi, alikuwa amekwenda Mererani kuchimba mawe ya thamani, kama walivyofanya vijana wengi wa kwetu kahawa ilipoacha kulipa. Aliaga akisema atarudi Krismasi. Jirani yetu Mama Ndeshi, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alikuwa akisema kosa letu ni kutomuuliza Krismasi ipi.

Chumba nilicholala na Bibi kilipakana na banda la ng'ombe. Kati yetu na yeye kulikuwa na ukuta wa mbao tu, nao ulikuwa na nyufa. Usingizi wangu wote wa utotoni una pumzi ya ng'ombe ndani yake. Nilimsikia akicheua taratibu, kama mtu anayefikiria jambo lisilo na haraka, na joto lake lilipenya kwenye mbao likanifikia mgongoni. Asubuhi za baridi, ukungu ulipojaa kihambani mpaka migomba ikaonekana kama watu waliosimama wakisubiri kuitwa, nilikuwa nikimchungulia nikaona pumzi yake ikitoka puani, nyeupe, ikipanda na kutoka nje. Nikaamini kwamba ukungu wa mlimani unatengenezwa mabandani. Niliwaza ng'ombe wote wa Mwika wakipumua kwa pamoja alfajiri, na mlima ukifunikwa kwa kazi yao.

Ng'ombe wetu alikuwa mweusi, na kichwani alikuwa na baka jeupe lililoshuka mpaka karibu na macho, kama kitambaa cha masista wa kanisani. Kwa hiyo nilimwita Sista. Bibi alinikataza nisimwite hivyo mbele ya watu wa kanisa, lakini siku moja nilimsikia mwenyewe akimwambia wakati wa kukamua, "Sista, tulia, usinipige teke."

Siku za majani tuliteremka na Bibi mpaka shamba la chini, kule ambako joto linaanza na migomba inakwisha. Bibi alikata majani kwa mundu akayafunga mzigo mkubwa, na mimi akanifungia mzigo wangu mdogo kama wa mwanasesere, pamoja na kata yake ya majani ya mgomba ya kuweka kichwani. Halafu tukapanda. Nilitembea nyuma yake nikaona miguu tu ikitoka chini ya kichaka kinachokwenda. Tulipofika, hakunywa maji kabla ng'ombe hajapata majani. Nilidhani ndivyo watu wote wanavyompenda ng'ombe wao.

Mama Ndeshi ndiye aliyeniambia kwamba hakuwa wetu. Alitukuta tunapanda, akasimama pembeni kutupisha, akanicheka.

"Manka, shingo zinawaingia mabegani kwa ajili ya ng'ombe wa watu. Mwenyewe akimtaka, utakunywa maji ya mfongo, ya huo mfereji hapo."

Nilimuuliza Bibi. Bibi alisema ndiyo, ni ng'ombe wa Mzee Anaeli, anayekaa juu, ng'ambo ya mfereji. Akanieleza desturi kama mtu anavyoeleza kwa nini jua linachomoza. Mtu akiwa na ng'ombe wengi kuliko banda lake, anamweka mmoja kwa mwenzake. Anayemtunza anapata maziwa na mbolea. Mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe wake na ndama wake, na anaweza kuja kumtazama wakati wowote, na siku akiwa na shida anamchukua. Mzee Anaeli alikuwa amemwambia banda lake limejaa, na Bibi akamsaidia.

Mzee Anaeli alikuja kumtazama kila Jumapili baada ya ibada. Alikuwa mrefu, mwenye koti la kaki na mabuti ya mpira, suruali imeingizwa ndani ya mabuti hata siku ya kanisa. Alivua kofia kumsalimu Bibi, halafu akaingia bandani na hakuivaa tena mpaka alipotoka, kana kwamba ng'ombe naye ni mtu mzima. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akakaa kwenye debe lililogeuzwa akamtazama ng'ombe. Alimshika chini ya taya. Alimtazama kwato. Bibi alimletea kibuyu cha maziwa ya mgando, yale mazuri aliyoyatunza wiki nzima. Alikunywa kidogo, na yaliyobaki akaondoka nayo ndani ya koti.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikimchukia. Kila kibuyu nilikihesabu kuwa ushuru. Alikuwa na banda limejaa, na bado alikuja kuchukua maziwa kwa mjane.

Kila alipokuja aliniletea kitu: kipande cha muwa, pera, siku nyingine ndizi mbivu ya kisukari. Sikula hata kimoja. Nilikuwa nimemwona Bibi anavyomshika ndama wa jirani aliyetoroka. Kwanza humpa chumvi kiganjani, mpaka ndama asogee mwenyewe, halafu ndipo kamba. Kwa hiyo nilipokea kwa mikono miwili, nikasema asante, na mzee akishapotea migombani nikampa Sista.

Ningependa kusema kwamba nilimhofia mzee huyo kwa ajili ya ng'ombe tu. Lakini kulikuwa na Bamkubwa.

Bamkubwa Sifaeli, kaka wa baba yangu, alikuwa fundi cherehani mjini Moshi. Alikuwa mtu mwema. Alikuja Krismasi na gauni alilonishonea mwenyewe, na mara zote lilikuwa kubwa, kwa sababu alinishonea akinifikiria nilivyotakiwa kuwa, si nilivyokuwa. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyesema mtoto aende mjini, kwenye umeme na zahanati, alale na wanawe. Bibi alimjibu mbele ya ukoo kwamba mtoto huyu ni mifupa mitupu, anataka maziwa, na maziwa yako kwake. Bamkubwa akakubali, ila akaweka sharti, na sharti hilo lilirudiwa kila Krismasi, nusu utani, nyama ikiwa bado mdomoni: "Siku ng'ombe akiondoka, Mama, tusibishane. Manka anakuja kwangu."

Wakubwa walicheka. Mimi nilikuwa chini ya meza na mfupa wangu, nikasikia kila neno.

Hapo ndipo akili yangu ya kitoto ilipokaa chini ikapanga mambo. Ng'ombe ni wa Mzee Anaeli, amewekwa kwa Bibi. Mimi ni wa baba yangu, na baba asipokuwepo ni wa Bamkubwa, nimewekwa kwa Bibi. Ng'ombe analala upande ule wa mbao, mimi upande huu. Yeye anakaguliwa Jumapili, mimi Krismasi. Bibi akimaliza kumkamua humpigapiga ubavuni. Akimaliza kunipaka mafuta hunipigapiga mgongoni, kwa mkono ule ule. Kila kitu kiliingia mahali pake. Sikuhuzunika kama mnavyoweza kufikiri. Mtoto akielewa jambo, hata jambo baya, anapata utulivu fulani. Ila kulikuwa na swali moja ambalo lilinijia nikiwa karibu kusinzia, nikisikiliza yule mwenzangu akicheua. Nilijua kwamba anayewekewa ng'ombe humtunza sana, hata kuliko wake, kwa sababu atakuja kuulizwa. Je, humpenda? Anaweza kumpenda, akijua kwamba kamba iko njiani?

Sikumuuliza Bibi. Nilimlinda Sista. Na kumlinda kulikuwa kugumu, kwa sababu akinenepa mwenyewe atamtamani, na akikonda atasema tumeshindwa kumtunza. Nilitaka awe wa kati. Jumamosi nilimpunguzia majani, halafu huruma ikanishika, Jumapili asubuhi nikamwongezea.

Kiangazi kimoja mfereji ulishuka mpaka mawe yakaonekana mgongo. Tulikuwa tukichota kwa kikombe. Mama Ndeshi alikuwa pale na wanawake wengine, na habari ya siku hiyo ilikuwa Bibi Nsia, mke wa Mzee Anaeli. Alianguka akavunjika nyonga, akapelekwa hospitali Moshi, na huko mambo yalikuwa si ya bure tena kama zamani. Mzee alikuwa anapanda na kushuka kama mtu aliyepoteza kitu njiani. Mama mmoja aliuliza si atauza kahawa. Mama Ndeshi akauliza kahawa ya nani, ile iliyobaki ya kufukuzia kuku? Kisha akasema alimwona njiani na mchinjaji kutoka mjini. Alinitazama aliposema hivyo, akanyamaza, na Mama Ndeshi kunyamaza lilikuwa jambo la kutisha. Nilifika nyumbani na ndoo nusu.

Alikuja siku ambayo haikuwa Jumapili. Ukungu ulikuwa haujainuka. Kwanza niliona kofia, halafu koti, halafu kamba mpya ya katani begani. Nyuma yake alikuja mwanamume mwenye shati safi, anayeruka madimbwi kwa ncha za viatu. Mzee Anaeli alivua kofia. Bibi alipokea salamu, akauliza hali ya mgonjwa, akaambiwa bado. Mwanamume yule alimzunguka Sista, akamminya nyonga, akauliza kama huyu tunamlisha keki.

Walizungumza Kichagga, sauti za chini. Mzee alianza kueleza, Bibi hakumwacha amalize.

"Ni wako, Mzee Anaeli. Usinieleze kama vile unaniomba. Ila ngoja nimkamue kwanza, asitembee na maziwa akaumia."

Akaenda kuchukua ndoo.

Mimi niliingia chumbani. Nilitandika kanga kuukuu kitandani, nikaweka gauni la Bamkubwa, sweta na kikombe changu cha bati. Nikafunga. Sikulia, nilikuwa na haraka, niliogopa wasije wakaondoka bila mimi, nikawasumbua kurudi. Nikatoka nikasimama ubavuni mwa ng'ombe, upande wa pili wa Bibi, mzigo wangu kichwani. Niliiangalia kamba. Ilikuwa moja. Nikawa najiuliza kama nami nitafungwa au nitafuata tu.

Mzee Anaeli aliniona. "Manka, unakwenda wapi na mzigo?"

"Naondoka na ng'ombe."

"Kwenda wapi?"

"Yeye anakwenda kwako. Mimi nakwenda kwa Bamkubwa. Tunaondoka pamoja kwa sababu sote tumewekwa."

Mwanamume wa mjini alicheka, peke yake, akaacha. Maziwa yalikuwa yanapiga ndoo, shwaa, shwaa, kisha yakakoma. Sikuweza kumwona Bibi, tumbo la ng'ombe lilikuwa kati yetu. Niliona tu vidole vyake vya miguu kwenye majani, navyo havikutikisika. Ukungu uliingia bandani ukapita katikati yetu, na Sista akageuza shingo akanusa mzigo wangu.

Mzee Anaeli alikaa kwenye debe. Alishika kofia kwa mikono miwili, akaizungusha, akaizungusha tena. Halafu maziwa yakaanza kupiga ndoo upya, polepole. Bibi alipomaliza alimimina kwenye kikombe akampa mzee, naye mzee akanywa yote, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Akainuka, akaikunja kamba vizuri kwenye kiwiko kama anayekunja uzi, akamwuliza yule mtu kama ananunua mbao.

"Mimi nanunua nyama, mzee."

"Basi unamjua anayenunua mbao. Twende."

Wakaondoka. Bibi alinitua mzigo kichwani, akauweka ndani, na siku hiyo alinipikia mtori mzito wa ndizi wenye mafuta. Nilikula nikimwangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini moshi wa jikoni kwetu ulikuwa mwingi siku zote, sikufikiri zaidi.

Baadaye tulianza kusikia msumeno huko juu, sauti ya watu wawili wanaovutana, ikija na kwenda na upepo. Juu ya migomba, tangu nilipoanza kukumbuka, palikuwa na kilele cha mringaringa mkubwa wa Mzee Anaeli, mti ambao baba yake aliupanda, na ukungu ulipenda kukaa juu yake kama kuku anayeatamia. Asubuhi moja nilitoka nje, mahali pale pako wazi. Na katika uwazi ule, karibu kabisa, yenye meno yake meusi na jua la kwanza ubavuni, ilisimama Mawenzi, kilele cha mlima wetu. Haikuwahi kuonekana kutoka uani kwetu. Nilikimbia kumwita Bibi. Nilimwuliza nani amesogeza mlima.

Bibi alisimama, mkono mmoja umeshika ufagio, akatazama.

"Mzee Anaeli," alisema.

Nikaamini. Nikawaza kwamba huenda si mtu mbaya kabisa, kama anaweza kazi kama hiyo.

Mvua zilipoanza, Bibi Nsia alirudishwa nyumbani, na kwa mara ya kwanza Bibi akanituma kupeleka maziwa, kwa sababu mzee hakuweza kumwacha mgonjwa. Nilivuka mfereji nikapanda. Nilikuwa na hamu moja tu, kuliona hilo banda lililojaa. Nilikuwa nikiliota: ng'ombe wengi weusi wenye vitambaa vyeupe, wamepangwa kama kwaya.

Banda lilikuwa tupu. Halikuwa tupu la jana wala la wiki iliyopita. Kuku walitaga kwenye hori. Magugu yaliota mahali pa kusimama ng'ombe, na kigingi cha kufungia kilikuwa kimoja tu, kimeoza kichwa.

Niliingia ndani nikaamkia. Bibi Nsia alikuwa kitandani, mdogo, mchangamfu, magongo yamelazwa pembeni, na mkononi ana kikombe cha chai ya rangi. Nilimuuliza ng'ombe wengine wako wapi.

"Wengine?" Aliinua sauti ili mumewe aliyekuwa uani asikie. "Mzee, mjukuu anauliza ng'ombe wengine. Tulikuwa na wengine?"

Nje mtu alikohoa.

"Alimwambia Bibi kwamba banda limejaa," nilisema.

"Lilijaa. Ng'ombe mmoja na huyu baba na mabuti yake wakiingia, lilikuwa limejaa." Alicheka mpaka nyonga ikamuuma, akashika ubavu, akasubiri maumivu yapite. Halafu akaniita nikae kitandani.

Aliniambia kwamba siku ya msiba wa mama yangu alikuwa pale, karibu na mlango, Bibi aliposema mbele ya ukoo kuwa maziwa yako kwake. Hayakuwepo. Ng'ombe wa Bibi alikuwa amekufa na banda lilikuwa na kuni. Kila jirani alijua, ila Bamkubwa, mtu wa mjini, hakujua. Bibi Nsia alinitazama nilivyokuwa, akamtazama Bibi alivyonishika.

"Nikamwambia mzee wangu, yule mama amesema uongo mbele ya watu, na yeye si mtu wa uongo. Mpelekee ng'ombe upesi, iwe amesema kweli. Akaniuliza tutampaje, hatapokea, unamjua. Nikamwambia mwambie banda limejaa, akusaidie."

Akanigusa kifuani kwa kidole kimoja.

"Yule ng'ombe hakuwekwa kwa bibi yako. Aliwekwa kwako."

Nilikitazama kikombe chake. Ilikuwa chai nyeusi, na nikafahamu kwamba ilikuwa nyeusi siku zote hizo, mwaka juu ya mwaka, isipokuwa siku kibuyu cha Jumapili kilipofika ndani ya koti. Nilifungua kibuyu nikammiminia. Alisema inatosha. Sikuweza kuacha. Chai ikawa ya kahawia, ikawa nyeupe, ikapanda ukingoni ikamwagika kwenye sahani na kwenye shuka, na Bibi Nsia akakaa akiniangalia bila kunizuia tena.

Nilirudi nyumbani mbio. Bibi alikuwa anamenya ndizi.

"Bibi, banda la Mzee Anaeli halina ng'ombe."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku aliyoniambia limejaa." Aliendelea kumenya. "Angejua kwamba najua, angeona haya. Lete maji."

Nilileta maji.

Sista alizaa ndama jike mvua zilizofuata. Mzee Anaeli alikuja kumtazama, akala muwa pamoja nami, kila mmoja na kipande chake, tukitema makapi mlangoni. Alisema ndama abaki kwetu, na Bibi hakubishana. Lakini ndama alipoanza kula majani vizuri, na maziwa ya mama yake bado yapo, asubuhi moja Bibi alimfungua Sista akanipa kamba niishike. Tulipanda naye juu, Bibi nyuma na mzigo wa majani. Bibi Nsia alikuwa mlangoni kwenye magongo yake. Mzee Anaeli alikuwa ameshang'oa magugu na kuweka kigingi kipya, kwa hiyo nilielewa kwamba wakubwa walikwisha kusemezana bila mimi. Bibi alisema banda lake limejaa, sasa ana ndama, anaomba wamsaidie. Mzee alivua kofia. Alisema atajitahidi.

Usiku wa kwanza bila Sista ukuta wa mbao ulikuwa baridi. Ndama alilala upande wa mbali, pumzi yake ndogo mno. Na Krismasi ilikuwa inakuja.

Bamkubwa alikuja na gauni la bluu. Alisalimia, akanyoosha miguu, akaenda nyuma kuona banda kama kawaida yake. Alirudi taratibu. Nilikuwa nimebeba sahani za nyama, nikasimama hapo nilipokuwa.

"Mama, ng'ombe yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Na maziwa?"

"Hakuna. Huyu ndama mpaka azae, ni mbali."

Bamkubwa alinitazama, akamtazama mama yake. Alisema kwa upole, nakumbuka ule upole, kwamba walishakubaliana. Sharti lilikuwa hilo tangu mwanzo. Chumba kipo, wanawe wanamsubiri dada yao, basi ni la saa nane.

Bibi alinipokea sahani, akaziweka mezani. Akafuta mikono kwenye kanga, akanivuta kwa bega mpaka nikasimama mbele yake, mgongo wangu kwenye tumbo lake.

"Sifaeli, yule ng'ombe alikuwa wa watu. Manka ni wangu. Kaa ule."

Bamkubwa alikaa akala. Saa nane aliondoka na mkungu wa ndizi tuliomfungia, na gauni la bluu likabaki kwenye msumari, likinisubiri nikue. Mwaka wote uliofuata tulikunywa chai ya rangi, mimi na Bibi, na sikukonda.